Mashine ya msasa wa diski: ipi inafaa karakana ya nyumbani?

Mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Utawala, Nairobi, ameniandikia kwamba amegeuza chumba cha nje, futi 10 kwa 12, kuwa karakana. Anatengeneza stuli za duara, fremu za picha na herufi za mbao za watoto wa chekechea, na amechoka kusawazisha kingo kwa kipande cha msasa kilichofungwa kwenye ubao. Dukani ameonyeshwa mashine mbili. Moja ina mkanda wa msasa wa inchi 4 kwa 36 na diski ya inchi 6 pembeni, na muuzaji anaisifu kuwa ni mbili kwa bei ya moja. Nyingine ni diski peke yake, ya inchi 12. Kaka yake aliye Marekani naye amejitolea kumtumia moja kutoka huko. Anauliza achukue ipi, na aangalie nini kabla ya kulipa.

Mwalimu, asante kwa kuuliza kabla hujatoa pesa. Wengi huniletea swali hili mashine ikiwa tayari imefungwa kwenye benchi na imeanza kuwasumbua.

Chukua ile ya diski peke yake, ya inchi 12, mradi mota yake iwe inazunguka karibu mara 1,425 kwa dakika, na mradi uwe umeshaona kwa macho yako duka linalouza msasa wake. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, iache. Kaka yako mshukuru, umwambie asitume.

Kwanza tuelewane mashine hii ni ya kazi gani. Haifai kulainisha uso wa meza au wa kiti. Diski inapozunguka, kitovu chake hakisogei huku ukingo ukikimbia, na mikwaruzo inayoacha ni ya upinde. Ukilaza uso wa ubao juu yake utapata mabonde, na alama zote zitajitokeza siku utakapopaka vanishi. Diski ni mashine ya kingo. Inanyoosha kichwa cha ubao kilichokatwa kwa msumeno mpaka kifike kwenye mstari wa penseli, inarekebisha pembe ya nyuzi 45 mpaka kona ya fremu ifunge bila mwanya, inaviringisha duara kwa nje. Ndani ya mviringo, kama tumbo la herufi C, haiingii. Hapo utaendelea na tupa, au msasa uliouzungushia kipande cha bomba. Ukitazama orodha yako ya kazi utaona karibu yote ni kingo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuuacha ule mkanda.

Sababu ya pili ni nafasi. Ukisimama mbele ya mashine, kwa kawaida diski huzunguka kinyume cha mishale ya saa, upande wa kushoto ukishuka. Kazi hufanyika upande huo wa kushoto tu, maana ndio unaoukandamiza ubao mezani. Upande wa kulia unapanda, na ukiuwekea ubao hapo utauinua na kuurusha. Kwa hiyo diski ya inchi 6 inakupa inchi 3, na ukitoa sehemu ya kitovu isiyokata vizuri, unabaki na 2 hivi. Ya inchi 12 inakupa inchi 6, na 5 kati ya hizo zinakata. Sasa chukua ubao wa fremu wenye upana wa inchi 3 uukate kwa nyuzi 45: uso wa mkato unazidi inchi 4. Kwenye diski ndogo hauenei, utausukuma huku na huku, na mkato utatoka na mgongo katikati. Kona ya fremu yenye mgongo haifungi, hata uikaze kwa jiriwa namna gani.

Eneo la msasa nalo ni mara nne. Joto linapata mahali pa kusambaa, na karatasi moja inafanya kazi muda mrefu zaidi.

Kasi ndiyo inayowaponza wanunuzi, kwa sababu muuzaji huitaja kama sifa. Stima yetu ni ya volti 240 na hezi 50, na kwa stima hiyo mota ya induksheni, yaani isiyo na brashi, huzunguka karibu mara 1,425 au karibu mara 2,850 kwa dakika, kutegemea ilivyosukwa. Diski ya inchi 12 ikizunguka mara 1,425, ukingo wake unakwenda kama mita 23 kwa sekunde. Diski ya inchi 6 ikizunguka mara 2,850, ukingo wake unakwenda karibu kasi hiyohiyo, kwa hiyo kwa ndogo mwendo huo ni sawa. Lakini inchi 12 kwa 2,850 ni mita 45 kwa sekunde, na hapo kichwa cha mvule au mahogani kitaungua kabla hujaondoa uzi mmoja wa mbao. Weusi huo unaingia ndani ya nyuzi, na kuufuta ni kazi kubwa kuliko ile uliyoanza nayo.

Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota, usisome boksi. Utafute mizunguko, kisha utafute herufi S. S1 maana yake mota imeundwa kufanya kazi mfululizo. S2 ikifuatwa na dakika, tuseme 30, maana yake baada ya dakika hizo uizime ipoe. S2 si kosa kwa mtu anayegusa kingo mbili tatu na kuondoka, ila wewe ukiwa na seti ya herufi 26 mbele yako utasahau saa. Uangalie pia kama wati zilizoandikwa ni P1 au P2. P1 ni stima inayoingia, P2 ni nguvu inayotoka kwenye ekseli. Kwa inchi 12 ningependa P2 isipungue wati 750. Bili isikutie hofu: hata mota inayovuta wati 1,000 ikizunguka nusu saa nzima inakula nusu uniti ya tokeni.

Mota ya brashi, kama ile ya drili ya mkono, ikwepe kwa mashine ya kukaa benchini. Inapiga yowe, na ukiigandamiza inapunguza mwendo. Ya induksheni inavuma tu. Utawala nyumba zimekaribiana, na jirani aliyelala mchana baada ya zamu ya usiku ana haki zake.

Sasa msasa, na hapa naomba unisikilize kuliko popote pengine. Zamani mafundi walisugua mbao kwa majani ya mti unaoitwa msasa, majani yenye ukwaru kama ulimi wa paka, na jina likahamia kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida ya dukani ina milimita 230 kwa 280. Ndani yake unaweza kukata duara la inchi 8, na ukibana sana inchi 9, lakini si 10 wala 12. Mwenye diski ya inchi 8 hakwami Nairobi: ananunua karatasi duka lolote la hadwea, anakata kwa mkasi, anabandika. Mwenye inchi 12 anategemea duara zilizokatwa kiwandani au roli pana ya msasa wa sakafu. Diski utakazoziona nyingi madukani ni za inchi 5 na 6 zenye velkro na matundu, ambazo hutumiwa na wapaka rangi wa magari, na za grainda za inchi 7. Hizo hazitakusaidia.

Kwa hiyo anza safari yako kwa msasa. Pita Kirinyaga Road na Nyamakima, kisha maduka ya vifaa ya Industrial Area, uulize duara za inchi 12 zenye gundi mgongoni, namba 80 na namba 120. Ukizipata, nunua tano za kila namba kabla hata hujagusa mashine. Usipozipata, rudi kwenye mashine ya inchi 8 ya diski peke yake. Ni ndogo, lakini itakuwa inafanya kazi wakati ile kubwa imekaa kama pambo ikisubiri karatasi.

Chagua ya gundi badala ya velkro. Velkro ina unene unaobonyea, na ukingo wa ubao uliogandamizwa juu yake hutoka umeviringika kidogo, wakati wewe unataka ukingo ulionyooka. Kuivua karatasi iliyochoka, ipashe joto kwa drayer ya nywele kisha ivute polepole. Mabaki ya gundi yafute kwa tambara lenye mafuta ya taa, uiache diski ikauke kabisa kabla ya kubandika nyingine. Karatasi ikijaa utomvu wa paini au saipras, usiitupe bado. Washa mashine, uigusishe kipande cha mpira asilia, ule wa rangi ya asali unaotengenezewa soli za viatu vya krepu. Utomvu mwingi unang'oka. Soli ya akala haifai, itakuachia weusi kwenye karatasi na kwenye mbao.

Jambo ambalo maduka mengi hayalitaji ni swichi. Miaka ya nyuma nilikuwa na mashine ya diski yenye swichi ya kawaida ya kubonyeza juu na chini, kama ya taa. Stima ikapotea katikati ya kazi. Nikaweka skwea yangu mezani, ikiegemea diski, nikaenda kunywa chai. Stima iliporudi sikuwepo, na mashine ikawaka yenyewe. Skwea ilipita dirishani na kioo chake. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa na makosa mawili, kutoizima na kuinunua.

Swichi unayoitaka hujiachia stima ikipotea, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze. Kwa kawaida ina vitufe viwili, kijani na chekundu, ndani ya kiboksi kimoja. Lakini rangi haitoshi. Mwambie muuzaji aiwashe mashine, azime soketi ya ukutani, asubiri diski isimame, awashe soketi tena. Mashine ikizunguka bila kuguswa, swichi hiyo si ile unayoitaka. Kama mambo mengine yote ni mazuri unaweza kununua na fundi wa stima akakubadilishia siku hiyohiyo, ila usiitumie hata dakika moja kabla hajaibadilisha. Mji huu unajua kukata stima.

Ukiwa bado dukani, nenda na penseli, rula ya chuma na skwea ndogo. Mashine ikiwa imechomolewa, laza penseli mezani, ncha yake ikaribie diski bila kuigusa, halafu zungusha diski kwa mkono. Mwanya ukikua na kupungua zaidi ya nusu milimita, diski imepinda au imefungwa vibaya, na kila utakachogusisha kitatetemeka. Simamisha rula mezani uone kama mwanga unapita chini yake. Weka meza kwenye nyuzi 90, kaza, uhakikishe kwa skwea. Ilaze mpaka 45, irudishe 90, ukague tena. Kisha isukume kwa kiganja kwa nguvu. Meza inayocheza baada ya kukazwa haitanyooka ukiwa nyumbani. Ukipewa uchaguzi, chukua ya chuma cha kusubu, hata kama itabidi mtu akusaidie kuibeba. Mwanya kati ya meza na diski usizidi milimita 2, maana kipande chembamba kikitumbukia hapo kidole hukifuata.

Beringi zisikupe wasiwasi. Uliza tu namba yake; nyingi ni 6202 au 6203, na hizo utazipata kwa wauza spea mjini.

Kuhusu kaka yako. Stima ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma inaweza kushusha volti zetu kutoka 240, lakini haibadilishi hezi. Mota iliyoundwa kwa 60 ikilishwa 50 inazunguka taratibu, 1,725 inakuwa kama 1,440, na mbaya zaidi inapata joto kupita kiasi isipopunguziwa volti hata chini ya 120. Ongeza bei ya transfoma, uzito wa chuma kwenye ndege na ushuru, utaona afadhali angekutumia duara za msasa, ambazo ni nyepesi na ndizo adimu huku. Angekuwa Uingereza ningesema mengine: stima yao inafanana na yetu na hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Huko pia mtu awe macho, kwa sababu vifaa vyao vya kazi za ujenzi, vyenye plagi ya njano, ni vya volti 110.

Wapo watakaokushauri utafute mota ya zamani, uende Kariobangi Light Industries ukakerezewe diski ya alumini, na welda akuungie fremu. Nimeona zilizotoka vizuri sana. Diski ikerezwe ikiwa imeshafungwa kwenye ekseli yake yenyewe, vinginevyo itayumba. Ugumu uko kwenye meza inayolala na kurudi bila kucheza, na hapo wengi huchoka. Kwa mtu wa mashine ya kwanza, nunua iliyokamilika.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha nikifikiria chumba chako cha futi 10 kwa 12. Diski haitoi vinyoleo kama randa. Inatoa unga, na ule mwembamba kabisa hauonekani, hukaa hewani saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe huanzia hasa ndani ya pua na kwenye uwazi wa mifupa unaoizunguka. Kabla ya kufika huko kuna mafua yasiyoisha na pumu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ina gundi ya fomaldehaidi ndani, na kwa kuwa herufi zako zinaishia mikononi mwa watoto wadogo, nakusihi utumie mbao halisi, saipras inatosha.

Mashine iwe na mdomo wa kutolea vumbi chini ya meza, nawe uwe na vakyumu ya kuuunganisha. Midomo mingi ina milimita 63 au 100 na bomba la vakyumu ya nyumbani ni jembamba, kwa hiyo nenda na bomba lako dukani upime. Kiunganishi unaweza kukitengeneza kwa bomba la plastiki la maji. Hata hivyo vaa barakoa ya N95 au FFP2. Kitambaa hakizuii unga huu. Fungua dirisha na mlango, na nguo za kazi zibaki karakana, wajukuu wasije wakakukumbatia nazo.

Na usinoe patasi kwenye diski hiyo, hata mara moja. Cheche za chuma zikivutwa kwenye mfuko uliojaa unga wa mbao zinaweza kufukuta kimyakimya na kuwaka usiku ukiwa umelala.

Usivae glavu ukiwa kwenye diski. Zikinaswa, zinavuta mkono. Mikono ya shati ikunjwe, leso na lesi za shingoni zikae mbali. Herufi ndogo usizishike kwa vidole. Zibandike kwa tepu ya pande mbili kwenye kijiti kirefu, ushike kijiti. Ekstensheni ya stima iwe na waya wa milimita za mraba 2.5, na kama ni ya kuviringisha, ifunue yote, maana iliyojikunja hupata joto.

Haki yake ile mashine ya mkanda niitoe: ungekuwa mtu wa mishikio ya visu na miiko, ningekupa hiyo. Mkanda unafuata nyuzi za mbao na unaacha uso laini kuliko diski. Stuli zako zitahitaji ulaini huo juu ya kiti, lakini utaupata kwa mashine ndogo ya kushika mkononi, inayotumia zilezile diski za velkro za inchi 5 zilizojaa madukani.

Ukishaifunga kwenye benchi, usianze na fremu, anza na kiti cha stuli. Chukua kipande cha plaiwudi, ukibane kwa jiriwa juu ya meza upande wa kushoto wa diski. Stuli ikiwa ya kipenyo cha inchi 12, pigilia msumari mwembamba inchi 6 kutoka kwenye diski, ukate kichwa chake. Toboa tundu dogo katikati ya kiti kwa chini, lisitokeze juu, baada ya kukikata kwa msumeno ukiacha milimita 2 au 3 nje ya mstari. Legeza jiriwa usogeze plaiwudi nyuma kidogo, kivike kiti kwenye msumari, washa mashine, isukume plaiwudi mpaka kiti kiguse, kaza, kisha kizungushe kiti taratibu kuelekea upande ambao diski haikinyang'anyi mkononi. Sogeza tena milimita moja, zungusha tena. Mara ya tatu au ya nne mstari wa penseli utapotea wote kwa pamoja, na viti vinne vitakavyofuata vitatoka sawa na hicho bila kupimwa.